Shajara ya trekta: silinda ya 2 imekata kompresheni

Jumatatu, jioni

Trekta limeingia karakana kwa kuvutwa. Ni Massey Ferguson 135, mashine iliyotengenezwa kati ya 1964 na 1975, na hili limebadilishwa vyuma vingi kiasi kwamba ukiuliza mwaka wake unajisumbua. Injini ni Perkins AD3.152 ya dizeli: silinda 3, ujazo wa lita 2.5, nozeli, kile kipulizia dizeli, inapuliza moja kwa moja juu ya pistoni.

Mwenye mali hakuzunguka sana: "Fundi, nililizima likiwa zima. Likakaa pale msimu mzima wa mvua. Leo nawasha, linakohoa, linatetemeka, moshi mweupe, na tela tupu linashindwa kuvuta."

Nimeipigia mstari sentensi yake ya kwanza. Lilizimwa zima, likawashwa bovu. Ringi, zile pete zinazoziba kati ya pistoni na ukuta, hazilali nzima zikaamka zimekwisha, wala laina, yaani ukuta wenyewe wa silinda, hailiki trekta likiwa limeegeshwa. Uchakavu una dalili zake: kila mwaka kuwasha kunakuwa kugumu zaidi, oili inapungua, brida, tundu la injini kupumulia, inafuka moshi, na mwenyewe anazoea bila kujua kwamba anazoea. Hapa hakuna hata moja ya hizo katika maelezo yake. Kitu kimetokea kati ya kuzima na kuwasha, kwa hiyo natafuta kilichoganda, kilichopinda, kilichovunjika au kilichopasuka. Valvu, springi, pushirodi (fimbo inayopeleka msukumo wa kamshafti juu kwenye roka, mkono unaobonyeza valvu), gasketi ya silinda hedi, pistoni yenyewe. Ringi naziweka mwisho kabisa wa foleni.

Fundi mmoja aliyepita kuazima spana aliitazama injini dakika mbili akasema, "Ringi hizo, fungua tu." Nilimpa spana.

Kabla ya kufunga karakana nimechomoa dipstiki. Oili imepita alama ya juu, na mwenye mali anaapa hakuongeza hata tone. Nimeipaka vidoleni: nyepesi, inateleza kama maji, na harufu ya dizeli iko wazi. Nimedondosha tone moja kwenye karatasi na baada ya muda likatanda likaacha duara pana la rangi hafifu nje ya doa jeusi. Kuna silinda inapokea dizeli, haiichomi, na sehemu yake inateremka kwenye kuta hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Sitaki bearingi za krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, zifanye kazi ndani ya mchanganyiko huu. Nimemwaga yote na kujaza oili safi ya majaribio, ambayo nayo itamwagwa mwishoni.

Jumanne, asubuhi

Kazi ya leo ni kujua silinda ipi imelala. Kwa dizeli za zamani hakuna njia rahisi kuliko kulegeza nati za mabomba ya nozeli, moja moja, injini ikiwa inaunguruma polepole. Ukikata dizeli kwenye silinda inayofanya kazi, injini inayumba. Ukikata kwenye silinda iliyolala, hakuna kinachobadilika. Tahadhari ya kila siku kwa kijana wangu: mkono hauendi mbele ya dizeli inayotoka kwa shinikizo. Ikipenya ngozi ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tundu lenyewe halionekani.

Silinda ya 1, injini nusura izime. Ya 3, vivyo hivyo. Ya 2 nikalegeza hadi dizeli ikawa inatoka kwenye nati, na injini ikaendelea na kutetemeka kwake kama kwamba sijagusa kitu. Moshi mweupe ukapungua. Hiyo ndiyo dizeli iliyokuwa inatoka mbichi.

Nikathibitisha kwa maji. Injini ikiwa imewaka dakika chache tu, nilidondosha tone kwenye manifoldi ya egzosi mbele ya kila tundu. Kwenye 1 na 3 tone lilichemka likatoweka. Kwenye 2 lilikaa, likateremka taratibu, likaning'inia ukingoni.

Dizeli inafika, basi je, nozeli ndiyo mbovu? Nimehamisha nozeli ya 2 kwenda 3 na ya 3 kuja 2, nikiweka washa mpya za shaba. Ugonjwa haukuhama. Ulibaki 2. Kwa hiyo nozeli na pampu nimeziondoa kwenye mashtaka.

Jumanne, mchana

Kipimo cha kompresheni, yaani shinikizo la hewa pistoni inapoibana. Betri imechajiwa usiku kucha, maana stata ikizunguka kwa uvivu namba zote zinashuka na utaanza kulaumu vyuma visivyo na kosa. Chujio la hewa nimelitazama: si zuri, ila halijaziba. Nozeli zote 3 zimetolewa ili injini izunguke kwa wepesi, na pampu imevutwa kwenye kuzima ili isipulize dizeli. Kipande cha kuunganishia geji nilikitengeneza zamani kutokana na mwili wa nozeli iliyokufa, na kinakaa mahali pake kama nozeli halisi.

Silinda ya 1: bar 27.
Silinda ya 2: bar 4.
Silinda ya 3: bar 26.

Nikarudia ya 2 kwa sababu sikuamini. Bar 4 tena, na sindano ilipanda kwa vihatua vidogo, hakuna ule mruko mkubwa wa kwanza unaoonekana kwenye silinda nzima.

Kwa dizeli ya aina hii, 25 hadi 30 ni afya. Injini haina plagi ya kutoa cheche. Inategemea hewa iliyobanwa karibu mara 18.5 ipande joto kupita nyuzi 500, ili dizeli, ambayo hujiwasha yenyewe ikipita kidogo nyuzi 200, ishike moto inapopulizwa. Kwa bar 4 hakuna joto hilo. Dizeli inageuka ukungu mweupe na kutoka ilivyoingia.

Namba za silinda nyingine nazo zinazungumza. Zingekuwa zote 3 chini kwa pamoja, ningetazama stata, njia ya hewa, au mpangilio wa gia za kamshafti. Zingekuwa mbili zinazopakana, tuseme 2 na 3, gasketi ya silinda hedi ingekuwa mshukiwa wa kwanza, imeungua kwenye ule ukanda mwembamba kati ya matundu. Moja peke yake ya katikati, na majirani wake wote wawili wazima, maana yake shida ni ya silinda hiyo na vyuma vyake.

Kijana akapendekeza tumimine oili ndani ya 2 na kupima tena, kama alivyoona kwenye magari ya petroli: namba ikipanda, ringi, isipopanda, valvu. Nimekataa, na sababu ni hesabu. Tundu lina kipenyo cha milimita 91.4 na pistoni inatembea milimita 127, yaani sentimita za ujazo 834. Uwiano ukiwa 18.5, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni kama sentimita za ujazo 48 tu. Mimina oili 10, imebaki 38, na uwiano wenyewe umeruka hadi 23. Geji itapanda hata kama ringi ni mpya, kwa sababu umepunguza chumba. Ukimimina kwa ukarimu zaidi, pistoni inakutana na kimiminika kisichobanika na rodi inapinda. Kwenye petroli yenye chumba kikubwa jaribio hilo lina maana. Kwenye dizeli linakupa jibu ulilolitaka wewe.

Jumatano

Sasa kuiuliza silinda hewa inatorokea wapi. Kompresa, geji mbili, na kitundu chembamba kati yake: geji ya kwanza inaonyesha hewa inayoingia, ya pili inayobaki, na tofauti ndiyo kinachovuja.

Pistoni ya 2 lazima iwe juu kabisa mwishoni mwa kugandamiza, si mwishoni mwa kutoa moshi, maana huko valvu zinaachia na utaambiwa uongo. Kwa kawaida ninasikiliza hewa inavyopuliza kwenye tundu la nozeli, lakini silinda hii haina cha kupuliza. Nimeanzia kwenye 1, nikaipata juu, kisha nikazungusha krenki nyuzi 240 mbele, kwa kuwa mpangilio wa kuwaka ni 1, 2, 3 na kila silinda inafuata nyingine baada ya nyuzi hizo.

Halafu kuifunga injini isizunguke. Bar 7 juu ya pistoni ya upana huu ni nguvu ya zaidi ya kilo 450. Ikikosa kidogo tu kuwa juu kabisa, krenki inazunguka, na spana iliyoachwa kwenye puli inakuwa silaha. Gia imeingizwa, breki zimefungwa, magogo nyuma na mbele ya magurudumu, na hakuna mkono karibu na feni.

Nikafungua hewa nikitegemea mlio mkubwa. Nilikuwa nimejiandaa masikio manne: kwenye bomba la hewa, kwenye bomba la moshi, kwenye mdomo wa kujazia oili, na kwenye rejeta kuona mapovu. Kwa bar 4 nilitegemea upepo wa kupeperusha kofia.

Kimya. Msukumo hafifu kwenye mdomo wa oili, ule wa kawaida wa ringi zilizofanya kazi, basi. Bomba la hewa kimya. Bomba la moshi kimya. Rejeta imetulia.

Silinda ya 1 inapoteza asilimia 12.
Ya 2, asilimia 17.
Ya 3, asilimia 14.

Kijana alinitazama mimi, akatazama geji. "Fundi, hii nzima."

Nzima ndiyo. Tofauti ya 17 na 14 si kitu, na inaelezeka: dizeli mbichi imeosha oili kwenye kuta za 2. Gasketi nzima. Pistoni haina tundu. Valvu zote mbili zimekaa kwenye siti zake na zinaziba. Ringi, zile zilizohukumiwa juzi bila kesi, zinafanana na za jirani. Silinda inaweza kuhifadhi hewa vizuri tu, lakini ikizunguka inatoa bar 4.

Hapa ndipo kazi ilipoanza kunoga. Neno kompresheni likitajwa, sote tunakimbilia kutafuta tundu, kana kwamba hewa ilikuwemo na ikatoroka. Lakini ili uigandamize ni lazima kwanza iingie. Silinda isiyovuja na isiyo na kompresheni ni silinda isiyovuta pumzi. Valvu ya kuingiza hewa haifunguki.

Fuata pistoni uone. Inashuka kwenye mwendo wa kunyonya, mlango wa hewa umefungwa, kwa hiyo inavuta ombwe. Inapanda kugandamiza, lakini kuna nini cha kugandamiza? Ile hewa kidogo iliyobaki na kinachopenya ringi kwa kunyonywa kutoka kwenye sampu. Hiyo ndiyo bar 4 yangu, na ndiyo maana sindano ilikuwa inapanda kwa kujikongoja.

Alhamisi, asubuhi

Ningeweza kufungua kava ya tapeti, ile inayofunika roka juu ya injini, jana usiku na kumaliza ubishi. Sikufanya hivyo kwa sababu nilitaka kuona kama wazo hili linasimama bila kugusa nati, na kwa sababu kijana yuko hapa kujifunza.

Nozeli zimerudishwa, pampu iko kwenye kuzima. Nimefungua mpira wa hewa kwenye manifoldi, nikashika kipande cha karatasi ngumu mbele ya mdomo wake, na kijana akazungusha stata. Karatasi inavutwa, inavutwa, kisha inasita. Inavutwa, inavutwa, inasita. Injini yenye silinda 3 inapaswa kuvuta mara tatu kwa kila mizunguko miwili ya krenki, kwa mapigo yanayofuatana sawasawa. Hapa pigo moja limekosekana kila mara, mahali pale pale.

Kisha bomba la moshi. Karatasi hiyo hiyo nimeining'iniza mbele ya mdomo. Inasukumwa, inasukumwa, na ghafla inanyonywa ndani kidogo. Hiki ndicho nilichokuwa nakisubiri. Silinda ya 2 inafika mwisho wa mwendo wake ikiwa na ombwe, valvu ya kutolea moshi inafunguka, na badala ya kutoa inavuta hewa kutoka kwenye egzosi. Trekta linapumua kwa kinyume kwenye silinda moja. Kijana alicheka kwa sauti, nami nikamwachia stata arudie mara nyingine ili ashibe.

Nikiri kwamba bomba la moshi la mashine nyingine lina silensa kubwa inayoficha kivuto kidogo kama hiki. Hili ni bomba fupi lililosimama wima na halina siri.

Alhamisi, mchana

Kava ya tapeti imetoka. Sikuhitaji kipimo.

Roka za silinda ya 1 na ya 3 zimekaa kama zinavyotakiwa. Kwenye 2, roka ya moshi iko sawa, roka ya hewa inachezacheza mkononi. Pushirodi yake imetoka kwenye kikombe cha roka na kulala pembeni imeegemea ukuta wa tundu, na imepinda katikati kiasi cha kuonekana kwa macho. Nilipoivuta ilikwama mara moja kabla ya kutoka. Nimeiviringisha juu ya kioo: inaruka kama kiti cha miguu mitatu na nusu.

Pushirodi haipindi bila kusukumwa na kuzuiwa. Kamshafti ilisukuma, roka ikabonyeza shina la valvu, valvu ikakataa. Nimeweka kipande cha mbao ngumu juu ya springi na kugonga kwa nyundo. Valvu ya jirani inashuka kidogo na kurudi kwa mlio mkavu. Hii haikusogea hata unywele.

Imeganda kwenye bushi inayoiongoza. Sasa yale maelezo ya Jumatatu yanakaa mahali pake. Mpira wa hewa kati ya chujio na manifoldi nilioufungua asubuhi una mpasuko chini, upande usioonekana, mrefu kama kidole. Msimu mzima unyevu umekuwa ukiingia kwa pale. Injini ilisimama valvu hii ikiwa imefungwa, shina likiwa ndani ya bushi lenye tabaka la oili iliyokauka, na kutu ikamalizia. Siku ya kuwasha, mzunguko wa kwanza kabisa wa stata, pushirodi ikapinda. Hakuna chuma kilichokosewa kutengenezwa hapa. Injini yoyote iliyoachwa na mlango wazi kwenye mvua ingeweza kufanya hivi.

Bahati imekuwa upande wetu kwa jambo moja. Ingeganda ikiwa wazi, hadithi ingekuwa nyingine. Kwenye dizeli pistoni inapofika juu inakaribia silinda hedi mno, haikuachii nafasi ya valvu iliyobaki nje. Hapo unafungua hedi ukitafuta valvu iliyopinda na alama ya mwezi kwenye pistoni.

Nimefuata pia kitu kinachosahaulika: kilichosukuma. Pushirodi iliyokwama inaweza kuumiza tapeti, kikombe kinachoibeba, au pua ya kamshafti chini yake. Nimesimamisha pushirodi ya jirani ndani ya tundu hilo, nikaweka geji ya saa juu yake, na kijana akazungusha injini kwa mkono. Kisha tukarudia kwenye valvu ya hewa ya 1 na ya 3. Kunyanyuka kwa zote tatu hakukutofautiana hata sehemu ya kumi ya milimita, na geji ilipanda na kushuka bila kukwaruza. Kamshafti na tapeti ziko sawa.

Ijumaa

Siku ya subira. Nimeteremsha pistoni ya 2 hadi katikati ili valvu ikiachia ghafla isigonge kitu. Springi nimeiacha mahali pake kwa makusudi: ndiyo itakayoirudisha valvu, na ndiyo itakayoniambia imelainika kiasi gani.

Mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka shina, juu ya bushi. Kusubiri. Mbao na nyundo, mapigo mepesi, yaliyonyooka kabisa, maana pigo la kuegemea upande linapinda shina na kupasua ukingo wa bushi. Hakuna. Mafuta tena. Nimemwaga maji ya moto kwenye hedi kwa nje, si kwa imani kubwa, lakini chuma kikitanuka na kusinyaa mafuta hupata njia.

Baada ya chakula cha mchana mlio wa pigo ulibadilika. Kabla ulikuwa mlio wa kugonga fuawe, sasa una uzito wa kitu kinachosogea. Valvu imeshuka, ikabaki huko huko chini. Springi ikaivuta juu taratibu, kwa kusitasita, kama milimita moja kwa pumzi moja. Mafuta. Pigo. Inapanda haraka kidogo. Mafuta yaliyokuwa yakitoka juu ya bushi yalikuwa ya kahawia yenye chembe, na nilikuwa nikiyafuta kila mara ili yasirudi ndani.

Tuliendelea hivyo hadi kurudi kwake kukawa na mlio mkavu kama wa jirani zake. Hapo nikarudisha pistoni juu kabisa, nikatoa springi na vishikizo vyake, na kuizungusha valvu kwa vidole. Inazunguka. Kuna mahali inakwaruza kidogo, na mchezo wa pembeni kwenye bushi ni mkubwa kuliko ninavyopenda, ila si mkubwa kuliko wa valvu ya hewa ya silinda ya 1 nilipoupima kwa kulinganisha. Urefu wa springi nao umelingana na wa jirani. Valvu nyingine zote 5 nimezigonga pia. Zinarudi vizuri.

Swali la kufungua hedi au kutofungua limejadiliwa kwa urefu na mwenye mali. Kazi kamili ni kuishusha, kubadilisha bushi, kusaga valvu. Mimi ningeifanya hata leo. Lakini kipimo cha hewa kimeonyesha valvu zinaziba, na yeye ana shamba linalosubiri kulimwa. "Fundi, nipe nilime kwanza, nitalirudisha." Tumekubaliana lirudi kulima kukiisha, na nimeandika hivyo kwenye karatasi yake ya kazi ili asije kusema sikumwambia.

Jumamosi

Pushirodi mpya. Ya zamani sikuinyoosha. Chuma kilichopinda mara moja kinajua njia, na ukiinyoosha urefu wake hauwi ule ule. Mpya nimeilaza pembeni ya ile nzima ya jirani kuhakikisha zimelingana kabla ya kuiingiza, na kijana akaangaza tochi kuona kwamba imekaa kwenye kikombe cha tapeti, si pembeni yake.

Tapeti zote, yaani nafasi kati ya roka na shina la valvu, zimesetiwa baridi kwa milimita 0.30, za hewa na za moshi sawa. Ya hewa ya 2 imehitaji kuzungushwa sana kulinganisha na zilivyokuwa nyingine, jambo la kawaida kwa pushirodi mpya. Kabla ya kugusa stata tumezungusha injini kwa mkono mizunguko kadhaa, nikiwa nimekodoa macho kwenye roka ile moja. Inashuka, inapanda, inatulia.

Geji imerudi kwenye 2: bar 24. Bado chini ya jirani, na nilitegemea hivyo kwa kuta zilizooshwa na dizeli.

Mpira wa hewa mpya, klampu mbili. Chujio limesafishwa na bakuli lake kujazwa oili mpya. Nozeli zimefungwa, hewa imetolewa kwenye mabomba ya dizeli, pampu imerudishwa kwenye kuwaka.

Liliwaka kwa mguso wa pili wa stata. Moshi mweupe kwa muda mfupi, kisha ukakata. Nilimrudisha kijana kwenye nati za mabomba, alegeze moja moja kama Jumanne. Alipofika 2 injini iliyumba, naye akaifunga nati haraka huku akitabasamu kwa ile nati. Tone la maji kwenye manifoldi mbele ya 2 halikuweza hata kuteremka.

Limeachwa liunguruze hadi joto la kazi, kava ikafunguliwa tena, na tapeti zikasetiwa upya kwa milimita 0.25 zikiwa za moto. Ya 2 haijakaza wala kulegea, maana yake valvu inarudi kwenye siti yake kila mara. Oili ya majaribio imemwagwa pamoja na filta yake, ikaingia mpya hadi kwenye alama, si juu yake.

Jumanne iliyofuata

Mwenye mali amepitisha trekta hapa likitoka kulima, likiwa bado la moto. Nimepima kompresheni kabla halijapoa.

Silinda ya 1: bar 28.
Silinda ya 2: bar 27.
Silinda ya 3: bar 27.

Dipstiki iko pale pale nilipoiacha na oili haina harufu ya dizeli. Roka ya hewa ya 2 haina mlio wa ziada. Kwa kuwa bushi ile bado ni ya zamani, nimemwomba aniletee trekta akisikia mlio wowote mpya juu ya injini, na asiliache limesimama majuma bila kuwashwa. Kikombe cha kufunika bomba la moshi wakati wa mvua kimefungwa, kwa sababu valvu 3 za moshi zinapakana na upande huo pia. Hedi itashuka kulima kukiisha: bushi 6, kusaga siti, gasketi mpya. Nimeshaanza kuandaa orodha ya vyuma.